Kuvuka Öresund na Mama Kwenda Kuona Samaki

Watu wanaoishi Malmö hawahesabu kwenda Copenhagen kuwa ni safari. Wapo wanaovuka kila asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni kupika kwao, na uwanja mkubwa wa ndege unaotuhudumia sisi wa kusini mwa Sweden uko Denmark. Hata hivyo, Februari 2019, shule za mkoa wa Skåne zilipofungwa kwa likizo ya majira ya baridi, ziara ya siku moja kwenye akwaria ya taifa ya Denmark ilitutaka maandalizi yasiyo ya kawaida, kwa sababu tulikuwa na mama yangu mzazi, aliyekuwa ametoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kuja kuwaona wajukuu wake, na mwenye viza hasafiri kwa wepesi wa mwenye uraia.

Nianze na suala la hati, kwa kuwa ndilo ambalo ndugu na marafiki huniuliza kwanza wanapotaka kuwaleta wazazi. Sweden na Denmark zote zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, tangu Machi 2001, na raia wa nchi za Nordiki wamekuwa wakivukiana mipaka bila pasipoti tangu miaka ya 1950. Ruhusa hiyo ya pili haimhusu mgeni. Mimi, mume wangu na watoto tulikuwa na pasipoti za Tanzania pamoja na kadi za ukaazi, na Mama alikuwa na viza fupi ya Schengen, ile inayoruhusu kukaa hadi siku 90 na inayodai bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Viza hiyo ikitolewa na Sweden hutumika pia Denmark, na hata iwe ya kuingia mara moja tu, kuvuka kutoka nchi moja ya Schengen kwenda nyingine hakuhesabiwi kuwa ni kutoka. Nilimweleza Mama haya yote kwa utulivu. Alinisikiliza, akakubali, kisha akatia kwenye mkoba wake pasipoti, karatasi za bima, barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi Mwanza, akisema kwamba karatasi haiozi.

Niongeze kwamba wepesi huu wa mipaka si wa kudumu kama tunavyodhani. Tangu mwishoni mwa 2015, wakimbizi wengi walipoingia Ulaya, Sweden ilirudisha ukaguzi kwa wanaotoka Denmark, na Machi 2020, kwa sababu ya korona, Denmark ilifunga mipaka yake kwa wageni wasio na sababu maalumu ya kuingia. Sisi tulivuka katikati ya nyakati hizo mbili.

Tulipanda treni Malmö tukiwa na chapati ndani ya mfuko, na dakika chache baada ya kituo cha Hyllie tukawa juu ya daraja. Njia hii ya kuvukia Öresund, mlango wa bahari ulio kati ya Sweden na Denmark, ilifunguliwa tarehe 1 Julai 2000, na ina sehemu tatu: daraja lenye urefu wa karibu kilomita 8, ambalo magari hupita juu na treni hupita chini yake, kisiwa cha Peberholm chenye urefu wa kilomita 4, kilichojengwa kwa mchanga na mawe yaliyochimbwa baharini, na mwisho handaki la kilomita 4 linalozama chini ya bahari na kutokea karibu na uwanja wa ndege. Mtoto wetu mkubwa alitaka kujua kwa nini wajenzi hawakumaliza kazi yao kwa daraja moja kwa moja, kana kwamba waliishiwa na chuma. Baba yake akamwonyesha ndege iliyokuwa ikishuka. Nguzo kuu za daraja zina urefu wa mita 204, na nguzo za namna hiyo zingesimama pabaya mbele ya ndege zinazotua kwenye uwanja huo wa Kastrup. Isitoshe, meli kubwa nazo zilihitaji kuachiwa njia yao upande ule.

Mama alitazama maji kwa muda mrefu bila kusema neno, na mimi nilijua kwa nini. Septemba 2018, miezi michache tu kabla ya safari hii, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 220, na hakuna mtu wa Ukerewe wa umri wake ambaye hakuwa anamfahamu mmoja wao, au ndugu wa mmoja wao. Nilipokuwa nikipanga safari hii, mtu fulani alitushauri tupande meli ya Helsingborg kwenda Helsingør ili watoto wafurahie bahari, na Mama akakataa kabla sijamaliza kutafsiri. Treni ilipotoka kwenye kisiwa na kuzama handakini alishika kiti cha mbele yake, na tulipotokea upande wa pili aliuliza tu kama tumeshafika Denmark. Tulikuwa tumefika, bila mtu yeyote kutuuliza karatasi hata moja. Nadhani hilo lilimsikitisha kidogo, baada ya kuziandaa kwa uangalifu wote ule.

Kutoka uwanja wa ndege unachukua metro, ambayo haina dereva, na watoto waligombania kiti cha mbele kabisa ingawa safari yenyewe ni ya kituo kimoja tu. Unashuka kituo cha metro cha Kastrup na kutembea kuelekea pwani. Upepo wa Februari katika mwambao ule hauna huruma, na Mama, aliyevaa kitenge juu ya suruali mbili na koti la mume wangu, alitembea akitutangulia ili afike ndani upesi.

Jengo lenyewe linaitwa Den Blå Planet na lilifunguliwa Machi 2013 kuchukua nafasi ya akwaria ya zamani ya Charlottenlund, iliyokuwa imehudumu tangu 1939. Wasanifu wake, kampuni ya 3XN ya Denmark, walilichora kwa umbo la maji yanayozunguka na kuvuta vitu kuelekea katikati, na kulifunika kwa vigae vya alumini ambavyo hubadilika rangi kadiri anga linavyobadilika. Mikono yake inajipinda kutoka ukumbi wa kati, na mgeni huchagua mwenyewe aanze na mkono upi. Kwa jumla kuna lita milioni 7 za maji humo ndani. Naliona jengo hili kuwa zuri zaidi linapotazamwa kutoka angani, jambo ambalo ni faida kwa abiria wa ndege kuliko kwa mtu anayekuja kwa miguu dhidi ya upepo.

Watoto walikuwa wamekuja kwa ajili ya papa. Kwa wiki nzima nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa papa mwenye kichwa cha nyundo, yule ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita pingusi. Mpango wangu ulikuwa kuanza na bahari, kula, kisha kupita haraka kwenye samaki wa maji baridi kama muda ungeruhusu. Lakini kulikuwa na foleni ndefu ya familia upande wa bahari, maana likizo ya shule haikuwa yetu peke yetu, na mume wangu akashauri tuanze upande uliokuwa na watu wachache. Upande huo ulikuwa wa Maziwa Makuu ya Afrika.

Sangara walikuwa wametulia karibu na sakafu ya tangi lao, vichwa vimeinama kidogo, yale macho yao ya manjano yenye giza katikati yakitazama bila kutazama. Watoto walipita. Mama alisimama, akaweka mkoba wake chini, akamkodolea macho mkubwa wao kwa sura ya mtu aliyekutana na mdaiwa wake ugenini.

"Huyu ni sangara," alisema.

"Ndiye, Mama," mume wangu akajibu.

"Nani kamleta huku?"

Inafaa msomaji ajue kwamba mama yangu si mtazamaji wa kawaida wa samaki huyu. Kwa miaka mingi alinunua samaki mwaloni kwa wavuvi, akawasafirisha kwa meli na kuwauza kwenye soko la Kirumba, Mwanza, na ada yangu ya shule, sare zangu na nauli yangu ya kwanza ya kwenda Dar es Salaam zilitoka kwa samaki huyo. Alimkadiria uzito pale pale kwa kumtazama kupitia kioo, akitoa utumbo na kuacha kichwa, na akatangaza kwamba kwa urefu amepita kwa mbali zile sentimita 50 ambazo sheria ya Tanzania inataka sangara azifikie kabla ya kuvuliwa. Kisha akawaita wajukuu warudi, na kwa muda ambao sikuupima wale watoto waliokuja kwa ajili ya papa walisikiliza habari za bondo, yaani lile puto la hewa lililo ndani ya samaki, ambalo likikaushwa hununuliwa na wafanyabiashara wa Uchina kwa bei inayoifanya nyama yenyewe ionekane kuwa nyongeza. Aliwaeleza pia kuhusu mapanki. Viwanda vya Mwanza vilipoanza kukata minofu na kuipandisha ndege kuja Ulaya, kilichobaki kwa wenyeji kilikuwa kichwa na uti wa mgongo, vikakaangwa na kuuzwa mitaani, na watu wakashiba kwa hivyo. Mtoto mkubwa aliuliza kama ile minofu ilikuja mpaka Malmö. Nikamjibu kwamba minofu ya sangara huuzwa katika nchi nyingi za Ulaya, hivyo si ajabu ikawa imefika.

Habari ya sangara, kama inavyosimuliwa Ulaya, huwa ni habari ya mharibifu, na sina la kupinga katika hoja zake kuu. Samaki huyu hakuwa wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya kwa muda, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla na kuwala furu, wale samaki wadogo ambao hadi miaka ya 1970 walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa sehemu za chini za ziwa. Wanasayansi wanaona kwamba ziwa lile lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na kwamba baada ya maji kurudi mamia ya aina za furu zilijitokeza kwa kasi ambayo haijaonekana kwingi duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliofika Mwanza mwaka 1977 kuwachunguza furu hao, walijikuta wakishuhudia wengi wao wakitoweka mbele ya macho yao. Baadhi ya aina zilizopotea au kuadimika ziwani zimehifadhiwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa anayetaka kutetea kuwepo kwa majumba ya aina hii.

Ila hoja za kweli zinaweza kuwa nusu ya habari. Nilimuuliza Mama, pale pale mbele ya kioo, kama anawakumbuka furu. Alicheka. Furu walikuwa samaki wa watoto, alisema. Mtoto anakaa juu ya jiwe na ndoano yake, anavua mboga ya jioni. Walikaushwa juani, walikuwa na miiba mingi, na hakuna mfanyabiashara aliyetoka mbali kuja kuwanunua. Sangara alipofika, wanaume walinunua injini, wanawake walipata mitaji, nyumba za bati ziliongezeka, na bei ya kila kitu ikapanda pamoja navyo. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, faida na bei, bila kuona kwamba anatakiwa kuchagua upande. Kisha akaongeza kwamba ningu, samaki wengine wa ziwa lile, nao siku hizi ni wa kutafuta, na kwamba ningu alikuwa mtamu kuliko huyu. Sijawahi kukutana na maandishi ya Ulaya kuhusu sangara yaliyosema lolote juu ya utamu wa ningu.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa Kigoma, alikuwa amevumilia vya kutosha. Watu wa Kigoma hawakubali kirahisi kwamba kuna ziwa jingine, na kwa haki yao wana pa kusimamia: Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na umri wake unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka, si kwa maelfu kama la kwetu. Alianza kumtafuta mgebuka. Hakumpata. Akatafuta dagaa, nao hawakuwepo. Nilimweleza kwamba samaki wa maji ya wazi kama hao hawavumilii kushikwa wala kusafirishwa, na kwamba matangi ya dunia nzima hujazwa na wale wa miambani, wenye rangi kali na moyo mgumu. Maelezo hayo hayakumridhisha. Akawakusanya watoto na kuwapa mhadhara wake juu ya kuvua dagaa usiku usio na mwezi kwa taa za karabai, juu ya kuhe, ambaye ndiye mkubwa kuliko ndugu zake wote wa jamii ya furu na sato duniani, na juu ya samaki wadogo wa Tanganyika wanaohamia ndani ya magamba ya konokono na kuzaa humo. Familia moja ya Kidenmark ilisimama nyuma yetu kusikiliza, ingawa naamini hawakuelewa hata neno moja, na baba yao akawa anatazama mahali mume wangu alipokuwa akionyesha kwa kidole, pasipokuwa na samaki yeyote.

Bahari tuliifikia mchana, na nitaipitia kwa haraka kwa sababu ndiyo inayoandikwa na kila mtu. Tangi kubwa lina lita milioni 4, na kioo chake, ambacho kwa kweli ni akriliki, kina upana wa mita 16, kimo cha mita 8 na unene wa sentimita 45. Pingusi walikuwepo, samaki waitwao taa walipita juu ya vichwa vyetu kwenye handaki la kioo, na samaki mmoja aina ya mkunga alitoa kichwa chake kwenye pango na kukirudisha. Watoto walilala chali sakafuni wakapata walichokuja kukitafuta. Mama aliuliza kwa nini papa hawali wenzao, na alipoambiwa kwamba hulishwa mpaka wakashiba, aliguna tu. Piranha nao, ambao wamo kwa maelfu katika sehemu ya Amazon, hawakumshughulisha. Aliona ni wadogo mno kwa sifa walizopewa.

Kilichomshika alikuwa fisimaji.

Nje, upande wa maji ya baridi kali, akwaria ile ilikuwa na fisimaji wa bahari waliotoka Alaska. Hawa ni wakubwa kuliko fisimaji wa ziwani kwetu, wanaelea chali muda mwingi, na wana manyoya yaliyosongamana kuliko ya mnyama mwingine yeyote kwa sababu hawana tabaka la mafuta la kuwakinga na baridi kama walilonalo sili na nyangumi. Ili kujipasha joto huhitaji kula sana, takriban robo ya uzito wa mwili kila siku, na chakula chao si makombo: ni kaa, chaza, kamba na pweza. Tuliwakuta wakati wa kulishwa. Mtumishi aliwarushia vyakula ambavyo mimi huvitazama tu dukani na kuviacha, nao wakavipokea kwa mikono miwili, wakaviweka juu ya kifua na kuvibanja.

Mama alitaka kujua gharama. Nilimwambia sijui. Akauliza ni nani anayelipa, nikamwonyesha tiketi zetu, ambazo bei yake nilikuwa nimeikwepa tangu asubuhi, na ambazo zilikuwa kwa krona za Denmark, yaani zilizidi kila nilipozibadili kichwani kwenda za Sweden. Alinyamaza kwa muda. Ukerewe, fisimaji ni mwizi. Huingia kwenye nyavu usiku, hula samaki aliyekwisha kunaswa, huchana nyavu na kuondoka, na mvuvi akimkuta hamwachi. Sasa alikuwa amemkuta ng'ambo ya mpaka wa pili, anaogelea kwenye bwawa lake mwenyewe na kutunukiwa kamba wa bei mbaya mbele ya watoto wanaompigia makofi. Hakuondoka mpaka chakula kilipokwisha, licha ya baridi, na mara mbili nilipomgusa bega akaniambia nisubiri.

Wakati wa kurudi treni ilisimama Hyllie, na polisi wa mpakani wa Sweden wakapita behewa kwa behewa wakikagua vitambulisho. Hapo hatimaye mkoba wa Mama ulipata kazi. Afisa aliyetufikia alitazama kadi zetu kwa haraka, kisha akaichukua pasipoti yake, akatafuta ukurasa wa viza na kuuliza kwa adabu anakaa wapi na anarudi lini. Nilitafsiri. Mama alimpa jibu, kisha akampa barua ya mwaliko, kisha bima, kisha tiketi, moja baada ya nyingine, na yule afisa, ambaye alikuwa amekwisha kuridhika kwenye ukurasa wa viza, alizisoma zote kwa heshima na kumrudishia zikiwa katika mpangilio ule ule.

Kwa wanaofikiria ziara hii wakiwa na wazazi, nashauri mambo machache tu: mzazi abebe pasipoti yenyewe na si nakala, tiketi za akwaria zinunuliwe mapema siku za likizo za shule, na tiketi za treni zikatwe kabla ya kupanda. Upande wa maziwa upewe saa nzima, hasa kama mzazi wako amewahi kuuza samaki.

Jioni ile Mama alipiga simu Ukerewe kwa mama mdogo. Nilitegemea angeanza na daraja au na papa. Alianza na fisimaji, akamsimulia habari ya bwawa, ya wale kamba na ya watu waliokuwa wakipiga makofi, na sangara akamtaja mwishoni kabisa, kwa uzito wake tu. Mama mdogo, ambaye nyavu za mume wake zimeraruliwa na wanyama hao mara nyingi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba ikiwa Wadenmark wanawapenda kiasi hicho, waje na boti yao Ukerewe wawachukue wote, na hatawadai hata shilingi.